Moto Unaoleta Baridi

Jumamosi, 1 Februari 1975

Daftari hili limetoka kwa Shirika, na juu ya jalada wameandika kwamba ni la kumbukumbu za friji tu. Friji ina chati yake ukutani. Karatasi nzuri namna hii siwezi kuziacha zilale bure, kwa hiyo nitaandika yangu, na Mgesi mwanangu akijua kusoma atayakuta.

Basi mwanangu, mama yako Bernadetha ni muuguzi msaidizi wa zahanati ya Mapatano, wilaya ya Serengeti. Serikali inataka kila kijiji cha ujamaa kiwe na zahanati na kila mtoto achanjwe surua, lakini haina friji za kuhifadhia dawa. Shirika, ambalo ni la Waholanzi wanaosaidia misheni, lina friji za mafuta ya taa lakini halina wauguzi. Wakakaa Mugumu wakapatana: friji na mafuta vya Shirika, dawa na Bernadetha vya Serikali. Sisi ndio kijiji cha majaribio. Mwishoni mwa Aprili wageni watakuja kutukagua, na wakiridhika zitakuja friji ishirini na mbili kwa wilaya nzima. Dk. Maftah, mganga wetu wa wilaya, anazihesabu hizo ishirini na mbili kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mahari ya binti yake.

Kasoro ni moja. Shirika lilitaka friji ikae kwenye nyumba ya mawe yenye kufuli, na nyumba hiyo iko Nyabirore, kilimani tulikoishi kabla ya kuhamishwa huku mwaka jana. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Kule hakuna mtu tena isipokuwa mama mkwe wangu, Nyangi, aliyekataa kuliacha kaburi la mzee wake. Mgambo walipotaka kumwondoa, Dk. Maftah akawaandikia kwamba mama huyu ni mlinzi wa friji. Tangu hapo kazi yake ni kuongeza mafuta, kukata utambi na kufukuza panya.

Kesho nakwenda Mugumu kwenye semina ya siku sita. Mgesi, aliyetimiza miaka miwili, atabaki kwa jirani yangu Agustina, acheze na Heche wake. Mimi sina dada. Agustina ndiye dada niliyepewa na Operesheni Vijiji iliyotuhamisha, maana walitupimia viwanja ubavu kwa ubavu. Marwa, mhudumu wa afya wa kijiji, atapanda kilimani kila siku isipokuwa Jumapili kusoma kipimajoto na kujaza chati, kwa kuwa Nyangi hajui kusoma.

Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi. Nikiwa Mugumu wazee wa rika, wakiongozwa na Mzee Magige, baba mkwe wa Agustina, wamezimisha mioto yote ya nchi hii, wakapekecha moto mpya kwa vijiti na kuugawa nyumba hadi nyumba. Wanasema tuliletwa huku bila ardhi ya zamani kuagwa wala hii mpya kugangwa, ndiyo maana watoto hawakai, wanakufa. Katibu wa TANU alinuna, ila mkewe alipika kwa moto huo huo. Mimi Mkatoliki, ugali umeiva kama siku zote.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepanda kilimani. Friji inawaka, kipimajoto kinasoma nyuzi tano. Nikamwuliza Nyangi kama moto umemsumbua, akasema unawaka vizuri kuliko zamani. Marwa hakufika hata siku moja: mara mvua, mara mguu. Chati ina siku sita tupu. Bwana Pieter wa Shirika hapendi matundu kwenye chati yake, basi nikajaza: nne, tano, nne, tano, tano, nne. Nilibadilisha kalamu katikati ili ionekane ya siku tofauti. Mvivu ni Marwa, sioni kwa nini aibu iwe yangu.

Ijumaa, 14 Februari

Siku tatu za chanjo zimekwisha. Watoto mia moja na kumi na watatu, kadi mia moja na kumi na tatu. Mkono umekufa ganzi. Heche wa Agustina hakulia. Mgesi alipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia, aibu tupu kwa mtoto wa nesi.

Jumanne, 25 Februari

Mafuta, utambi, nyuzi tano. Sipendi kukaa Nyabirore zaidi ya ninavyolazimika. Mapaa yaliondolewa siku ya kuhama, kuta zimeanza kurudi kuwa udongo, na kila ua una mafiga matatu yaliyobaki yanatazamana. Leo nilipokuwa napita kwenye ua wa zamani wa akina Nyamhanga nilisikia mtoto akikohoa ndani. Hakuna mtoto. Nyumba haina hata mlango. Nyangi yeye anapopita hapo asubuhi huamkia kila ua kwa jina lake, na anangoja kidogo kabla ya kuendelea.

Jumanne, 4 Machi

Masika imeingia. Zahanati inavuja sehemu tatu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Padri hakuvuka mto.

Jumatatu, 17 Machi

Surua imeingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Wanawake wamekuja kuniuliza nikawaambia walale usingizi, watoto wao wana kadi. Nilisema kwa kiburi kidogo, nakiri. Agustina aliitoa kadi ya Heche kutoka kwenye mfuko wa plastiki anamoiweka pamoja na picha ya harusi yake, akaibusu, akairudisha. Hakusoma zaidi ya darasa la pili lakini ile kadi anaijua kila mstari.

Jumamosi, 22 Machi

Mgonjwa wa kwanza wa kijiji chetu, msichana wa Mwikwabe. Macho mekundu, kikohozi kikavu, vipele nyuma ya masikio. Nimeandika homa ya vipele, si surua. Ana kadi.

Jumanne, 25 Machi

Wanne wengine. Wote wana kadi. Nimeandika homa ya vipele mara nne, na mara ya nne kalamu ilikwaruza karatasi ikatoboka.

Alhamisi Kuu, 27 Machi

Mtoto wa Mwikwabe amefariki alfajiri. Walinionyesha madoa meupe ndani ya shavu lake. Hakuna homa ya vipele yenye madoa hayo isipokuwa surua, na mimi nilifundishwa hivyo na masista kwa fimbo. Nilipanda Nyabirore mvua ikininyeshea. Nilitaka kuiona friji, sijui nilitegemea itaniambia nini.

Nyangi alinipokea, akaniwekea kigoda, akanipa uji. Nikamwuliza polepole, kama mtu anayeulizia kuku aliyepotea, kama kuna siku moto wa friji uliwahi kuzimika. Akaniangalia kwa mshangao. Alisema ulizimika ndiyo, aliuzima yeye, ile wiki ya moto mpya. Mzee Magige alituma neno kwamba mioto yote izimwe, na moto ukibaki hata mmoja tambiko linaharibika na ugonjwa unapata mahali pa kujificha. Yeye angekuwa nani aache moto wa zamani uwake, tena kwenye nyumba yenye dawa ya watoto?

"Ulikaa umezimwa siku ngapi, Mama?"

"Nne. Huku kilimani ni mwisho, moto mpya ulinifikia siku ya nne. Nikauwasha mwenyewe. Si umeona unavyowaka?"

Nilimwuliza kama hakuhofia dawa kuharibika. Hapo akacheka, kicheko cha mama anayemsahihisha mtoto.

"Mkamwana, moto unaleta joto. Nilijua nikiuzima ndiyo itazidi kupoa."

Friji hiyo ililetwa na Land Rover mbili. Bwana Pieter alimwonyesha namna ya kukata utambi, mimi nikamtafsiria, na Dk. Maftah akapiga picha. Kati yetu watatu hakuna aliyemwambia mama huyu kwamba ule moto wa chini ndio unaotengeneza baridi ya juu. Kusema kweli mimi mwenyewe, nilipoambiwa Mugumu, nilichukua wiki nzima kuamini.

Siku nne kwenye joto la Februari. Dawa ilikufa, kisha ikapozwa tena, na dawa iliyokufa haina harufu wala rangi. Nikawachoma maji watoto mia moja na kumi na watatu, nikawaandikia kadi. Na kama chati ingekuwa na matundu yake sita, siku ile ile ningeuliza kulikoni.

Nyangi aliona uso wangu akaacha kucheka. Sikumweleza. Nilimwambia mvua imenipiga.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Nimesoma nyuma katika daftari hili. Yote yameandikwa, kwa mkono wangu, kwa maringo. Njia ya Msalaba sikwenda.

Jumatano, 2 Aprili

Nilipata lori la ushirika mpaka Mugumu. Dk. Maftah ni mtu wa Tanga, mpole, anavaa shati jeupe hata siku ya tope. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Chai yake ilipoa mezani. Kisha akaniuliza ni nani mwingine anayejua, nikasema hakuna.

Akanieleza hesabu zake. Tukilisema sasa, Shirika litafunga mradi na friji ishirini na mbili zitakwenda wilaya nyingine. Chama kitamkamata Mzee Magige kwa kupinga maendeleo, na Nyangi pamoja naye. Akina mama hawatainua tena nguo ya mtoto mbele ya sindano, si Mapatano tu. Kwenye friji ya wilaya amebakiwa na kichupa kimoja cha dozi kumi. Shehena nyingine inakuja na wageni tarehe ishirini na sita. Chukua hicho, alisema, wachanje kumi walio karibu na wagonjwa, waambie ni nyongeza. Wengine tutawafikia wageni wakishaondoka.

"Na watakaokufa kabla ya hapo, Daktari?"

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Nenda, Bernadetha. Barafu inayeyuka."

Nilimchukia njia nzima, na kichupa chake nikakipakata kifuani ndani ya chupa ya chai yenye barafu.

Ijumaa, 4 Aprili

Hili naliandika kwa ukamilifu kwa sababu nisipoliandika nitalipunguza.

Kichupa kikishachanganywa na maji yake lazima kiishe siku hiyo hiyo. Nilikuwa na majina kumi kichwani: Mgesi, Heche, wawili wa Nyamhanga, na wengine wa mtaa wetu. Niliinuka kwenda kumwita Agustina. Nikafika kizingitini nikaanza kuwaza. Nitamwambia nyongeza. Atauliza nyongeza ya nini wakati kadi imejaa. Jirani wa tatu atauliza kwa nini huyu na si wangu. Wakifika watano watafika hamsini, na mimi nina kumi, na mdomo wangu haujui kudanganya watu hamsini wanaonitazama. Nilisimama pale kizingitini mpaka jua likafika utosini.

Kisha nikafunga mlango. Nikachanganya dawa, nikamshika Mgesi kati ya magoti, nikamziba mdomo kwa kiganja asilie, nikamchoma.

Dozi tisa zilizobaki nilizisubiri mpaka jioni, kama vile zingejipeleka zenyewe. Saa kumi na mbili nikazimwaga chooni.

Agustina aliniona nikitoka, akaniletea mboga ya msusa, majani machanga ya maboga. Nikapokea.

Jumapili, 6 Aprili

Misa. Sikupokea komunyo. Agustina akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 9 Aprili

Waliofariki sita. Nasikia kikohozi hata pasipo na mtu. Kiko nyuma ya mtungi, kiko darini kwenye mahindi, nikiinamisha kichwa kinahamia upande mwingine.

Jumapili, 13 Aprili

Heche ana macho mekundu.

Jumatatu, 14 Aprili

Agustina amekuja na kadi mkononi. Ameniambia hana hofu, maana chanjo alipata, itakuwa ni homa hii ya vipele tu. Alitaka mimi niseme hivyo hivyo. Nikasema.

Jumatano, 16 Aprili

Sauti ya Heche imekauka. Nampa maji kwa kijiko na penisilini ya kifua. Agustina amemfunikia madirisha kwa kanga, mwanga unamuumiza. Mzee Magige anakaa nje ya mlango mchana kutwa. Heche ndiye mjukuu aliyepewa jina la baba mzazi wa Mzee.

Ijumaa, 18 Aprili

Kijiko hakiingii.

Jumamosi, 19 Aprili

Heche amefariki saa nane mchana, mikononi mwangu, kwa kuwa Agustina alikuwa ameniomba nimshike ili yeye aende kunywa maji. Alikuwa mwanawe wa pekee, baada ya mimba tatu zilizoharibika. Aliporudi alinikuta bado nimempakata akadhani amelala. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, Mama Mgesi, angalau amepata usingizi."

Jumatatu, 21 Aprili

Kadi ya Heche wamemzika nayo. Agustina ndiye aliyeiweka, alisema huko aendako wajue mama yake hakuzembea.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimepanda Nyabirore nikamweleza Nyangi. Nilijua wageni wanakuja kesho kutwa na sikutaka alisikie mkutanoni. Nilimweleza namna moto unavyotengeneza baridi, nikachora kwa kijiti mavumbini, bomba hili na bomba lile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni wangapi. Nikasema tisa mpaka jana. Akataka majina, nikamtajia, na kila jina alilirudia akitaja na ua walimokuwa wakikaa hapo kilimani kabla ya kuhama.

Alipomaliza aliinuka, akaenda kuangalia utambi. Nilikuwa nimemwona miaka yote kama bibi mkaidi aliyeng'ang'ania makaburi. Leo nilimwona akipiga magoti mbele ya friji, anaongeza mafuta, hamwagi hata tone.

Wakati wa kuondoka nilisikia watoto kwenye nyua zote, si kikohozi sasa bali wanacheza. Nilikimbia mteremko mzima. Naogopa, na sioni haya kuandika kwamba naogopa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya Chama. Bwana Pieter alikuja na sanduku la dawa lililojaa barafu, dozi mia moja, na wenzake wawili. Dk. Maftah alikaa nao kwenye viti. Katibu alisoma risala: kijiji cha mfano, ushirikiano wa Serikali na wahisani, watoto mia moja na kumi na watatu. Vifo havikuwemo. Kisha akamkaribisha nesi aseme maneno machache.

Nilisimama nikasema. Nilisema dawa ya Februari ilikuwa imekufa kabla sijaitumia kwa sababu friji ilikaa siku nne bila moto. Nilisema sikujua, lakini ningejua kama nisingejaza chati kwa uongo. Nilisema nilijua tangu Alhamisi Kuu na nikanyamaza. Nikasema na la mwisho, ambalo nilikuwa nimepanga kuliacha: kwamba nilipewa dozi kumi nzima, nikamchoma mwanangu peke yake, tisa nikazimwaga.

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Nilimtafuta Agustina kwa macho nikamwona amesimama nyuma, anatazama mikono yangu.

Katibu akauliza kwa ukali ni nani aliyeuzima huo moto. Nikasema friji ilikuwa dhamana yangu. Mzee Magige akainuka, akajiegemeza kwenye fimbo. "Niliagiza mimi. Nilisema mioto yote. Hawa wageni hawakuniuliza chochote walipoleta chombo chao, na mimi sikuwauliza. Nimemzika mjukuu. Kama ni kufungwa, fimbo yangu hii hapa." Nyangi, aliyekuwa ameshuka kilimani kwa mara ya kwanza tangu tuhamishwe, akaenda akasimama kando yake.

Kisha Dk. Maftah akaondoka kwenye kiti. Nilidhani anakwenda kuninyamazisha. Alisema muuguzi wake amesema kweli isipokuwa moja: hakunyamaza, alimwambia yeye tarehe mbili, na aliyemtaka anyamaze ni yeye mganga wa wilaya. Alilisema kwa Kiswahili kwa ajili yetu, akalirudia kwa Kiingereza kwa ajili ya Bwana Pieter. Nilikuwa nimemchukia wiki tatu. Hata sasa sijui nimweke wapi.

Bwana Pieter aliandika muda mrefu. Alisema mradi utaangaliwa upya, na friji itarudi Musoma mpaka hapo. Dawa aliyoleta anaweza kuiacha itumike, lakini barafu itadumu mpaka Jumatano jioni tu. Asipochanjwa mtu kufikia hapo, imwagwe.

Jumatatu, 28 Aprili

Meza, sindano, pamba, dawa kwenye barafu. Dk. Maftah amebaki, amekaa nami. Hakuja mtu.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuja mtu. Alasiri mwanamke mmoja alipita akaitupa kadi mlangoni. Watoto watatu wapya wana macho mekundu. Nimechungulia sanduku, barafu imebaki vipande.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Saa nne Agustina aliingia, peke yake, kanga kichwani inachuruzika. Hakuniamkia. Alimwamkia Dk. Maftah, kisha akakisogelea kile kichupa nilichokuwa nimekiweka tayari.

"Usikifungue," akasema. "Zile ulizomwaga zilikuwa ngapi?"

"Tisa."

"Basi kaa hapo. Usikiguse."

Akatoka. Tulimwona kupitia mlangoni akiingia kwa Nyamhanga, akakaa, akatoka na watoto wawili na mama yao nyuma. Akaingia nyumba ya pili. Ya tatu walimfukuza. Alisimama mvuani akaongea na ukuta mpaka wakafungua. Hatukusikia anachowaambia. Dk. Maftah alitaka kwenda kumsaidia, nikamshika mkono.

Ilimchukua zaidi ya saa mbili. Aliwapanga mstari mbele ya meza yangu, mama zao wamesimama nyuma. Huku kwetu mtoto hahesabiwi kwa kidole, ni kumwitia kifo. Agustina aliwahesabu kwa kidole, kwa sauti, mmoja mmoja mpaka tisa, na hakuna mama aliyemzuia.

Nilichukua kichupa. Dozi kumi, watoto tisa. Nikamwuliza kama kuna mwingine anayekuja.

"Wangu wa kumi yuko chini ya udongo," akasema. "Huyo wa kumi katafute wewe, Nesi. Pita nyumba hadi nyumba kama nilivyopita mimi, uwatazame usoni. Ukirudi naye ndipo ufungue. Hawa nitakaa nao."

Akavuta kigoda akaketi katikati ya wale watoto, akaanza kumfuta makamasi aliyekuwa karibu.

Nikatoka mvuani. Milango kumi na mitatu ilibaki imefungwa. Wa kumi na nne ulifunguliwa, akatoka mke wa Mwikwabe, ambaye binti yake ndiye aliyekufa wa kwanza kabisa, na mdogo wake yule binti akiwa mgongoni. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Kisha akajitanda kanga na kunifuata kuelekea zahanati, hatua chache nyuma yangu, bila kuniamkia.